Watoto 18 wa Thiaroye na batri zetu za sola

Huku Kivu ukitamka neno risasi kila mtu anafikiria bunduki. Lakini risasi ni jina pia la madini mazito ya rangi ya kijivu, na nyumba nyingi zenye batri ya gari au ya sola zinayo ndani.

Mfaransa Gaston Planté alitengeneza batri ya kwanza ya namna hiyo mwaka 1859: vibao vya risasi ndani ya asidi. Batri inayochaji simu zetu kambini ni mjukuu wake. Ikifa, umeme tu ndio umekwisha. Risasi na asidi bado vimo.

Historia inayotuhusu ni ya Thiaroye-sur-Mer, karibu na Dakar, nchini Senegal. Tangu miaka ya 1990 mafundi walipasua batri pale wakiyeyusha risasi, na mabaki yakazama mchangani. Mwaka 2007 bei ya risasi duniani ikapanda sana, basi mchanga wenyewe ukageuka mali. Akina mama wakauchimba, wakautia katika magunia, wakaupeleka nyumbani kuuchekecha wapate vipande vya kuuza. Hawakuwa wajinga; walitafuta chakula cha watoto, kama mama yeyote wa hapa anayeokota makaa. Vumbi likaingia vyumbani, kwenye mikeka, mikononi mwa watoto.

Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 watoto 18 wakafa. Wataalamu walipowapima watu 81 wa mtaa ule, wote walikutwa na sumu hiyo, wakubwa kwa wadogo. Mtoto ndiye huumia zaidi: mwili wake hunyonya risasi mara 4 au 5 kuliko wa mtu mzima, nayo hushika ubongo. Haina harufu, na kuchemsha maji hakuiondoi. Serikali ikalazimika kuondoa udongo wenyewe.

Sisi hapa Goma tunakaa juu ya mawe ya volkano, kuchimba shimo ni taabu, na wengi tunachota maji ya ziwa. Asidi ukiimwaga uani, mvua itaipeleka huko huko. Mnunuzi wa vyuma akikuambia umwage asidi kwanza ndipo apime uzito, mkatalie, hata kama franka zitapungua. Muuzie batri nzima. Ikimngoja, ikae wima ndani ya beseni la plastiki, mbali na watoto na moto, wala si chini ya kitanda. Fundi anayezipasua, nguo zake zisifuliwe pamoja na za mtoto.

Mawe madogo ya radio ni ya aina nyingine. Wengi tulisoma mbele ya ubao uliopakwa unga wake mweusi, na walimu waliusaga kwa mikono mitupu! Yakiisha, yatie katika chupa ya plastiki yenye kifuniko, pakavu. Si chooni, si motoni. Yakianza kutoa maji, yashike kwa mfuko.