Lumbesa

Mahindi yakianza kuingia Mpanda kutoka Mwese na Mpimbwe, neno lumbesa hurudi midomoni. Wengine husema rumbesa. L na r zimebadilishana, gunia ni lile lile. Limejazwa hadi mdomoni, likaungwa kipande cha gunia jingine kwa juu, kisha likashonwa kwa kamba iliyosukwa kama wavu. Mkulima analipwa gunia moja.

Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, haina nafasi ya lumbesa, na Wakala wa Vipimo kila msimu husisitiza mizani. Hata hivyo shambani utaulizwa: la debe sita au saba?

Debe lenyewe ndilo la kutazamwa. Lile la lita 20 likigongwa kwa ndani hadi litoke tumbo, humeza zaidi. Pima nalo mara saba, majibu yatafanana mno. Kufanana huko tukuite uthabiti. Usahihi ni kukaribia kiasi cha kweli, na debe lenye tumbo halina hata chembe yake. Waandishi wetu huyachanganya maneno haya mawili, kosa baya kuliko la l na r.

Kwenye dhahabu, huku huku Mpanda, watu hubishania sehemu ya gramu. Huko hakuna lumbesa.

Kuhusu matumizi: husemwa kufunga lumbesa, au kuuza kwa lumbesa. Ngeli ni i-/zi-: lumbesa hii imezidi.