Tarehe Ukutani: Msuka na Kale Yake

Katika kibla ya msikiti uliobaki gofu huko Msuka Mjini, kaskazini kabisa mwa kisiwa cha Pemba, mna tarehe iliyokwaruzwa ukutani: mwaka 816 wa Hijra. Kwa hesabu ya miladi, mwaka huo uliingia mwanzoni mwa Aprili 1413 na ukatoka katika mwezi wa Machi 1414. Ni tarakimu tatu tu. Lakini kwa nchi ambayo kale yake imeandikwa zaidi na wageni waliopita kuliko na wenyeji waliokaa, tarakimu tatu zilizoandikwa papo hapo, na mtu aliyesimama papo hapo, ni mali kubwa.

Insha hii yakusudia kuitazama tarehe hiyo, na kisha kuyatazama yaliyoizunguka. Hoja yake ni moja: kwamba gofu la mawe ni ukurasa mmoja wa kitabu cha Msuka, na kwamba kurasa zilizobaki zimo katika udongo wa mashambani, katika vyungu vilivyovunjika, na katika vinywa vya watu wanaokaa huko hata leo. Anayekwenda kuzuru akalisoma gofu peke yake hurudi na ukurasa mmoja mkononi.

Tuanze na mwaka wenyewe. Mtu wa pwani akiutazama kwa jicho la baharini ataona jambo. Uliingia wakati wa masika, kusi inapoanza kushika. Ukatoka kaskazi inapokaribia kwisha. Ndani yake mlikuwamo basi msimu mzima wa kwenda na msimu mzima wa kuja: vyombo vya Arabuni na Bara Hindi vilirejea kwao kwa kusi, kisha vikateremka tena kwa kaskazi na bidhaa zao. Hazikupita siku nyingi baada ya hapo, mnamo 1415, ujumbe wa Malindi ukamfikishia mfalme wa Uchina zawadi ya twiga. Hiyo ndiyo dunia aliyokuwamo mwandishi wa Msuka. Alikuwa shamba, naam, lakini shamba lililotazamana na bahari iliyokuwa ikipitwa na watu wa kila namna.

Tena tuangalie jinsi tarehe ilivyoandikwa. Kule Unguja, msikiti wa Kizimkazi Dimbani una maandishi ya Kikufi yenye mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107. Yale yamechongwa na fundi mwenye elimu ya nakshi, herufi zimechipua majani na maua, na kila mstari umepimwa kabla ya kukatwa. Ya Msuka ni ya mkono mwingine. Yamekwaruzwa tu. Kuchonga kwahitaji agizo, fundi na malipo; kukwaruza kwahitaji ncha na nia. Wala tarehe ya kukwaruzwa haitoshi kuthibitisha mwaka wa kujengwa msikiti. Inachotwambia kwa dhahiri yake ni kwamba katika mwaka huo ukuta ulikuwapo, umekwisha kupakwa chokaa, na mbele yake alisimama mtu anayejua kuandika na kuhesabu miaka, akaona kwamba mwaka ule wafaa kukumbukwa.

Na alikuwa ameelekea wapi? Makka na Pemba zakaribia kuwa juu ya mstari mmoja wa kusini kwenda kaskazini, kwa hivyo kibla ya Mpemba ni kaskazini, takriban bila ya kupinda. Msuka iko pembeni mwa kisiwa. Mbele yake hapana tena nchi kavu ya Pemba ila kipande kidogo, kisha bahari. Aliyekuwa akisali hapo alielekeza uso wake huko huko zilikotokea jahazi za kaskazi. Dini na biashara zilishika upande mmoja wa dira.

Sasa tuulize lililo zito zaidi: gofu hili ni la nani? Kwa muda mrefu jibu lilitolewa na watu wa nje. Meja F. B. Pearce, aliyekuwa mwakilishi wa serikali ya Kiingereza Unguja, alitoa kitabu chake mwaka 1920, na humo akayahesabu magofu ya visiwa hivi kuwa kazi ya walowezi waliotoka Uajemi na Arabuni. Kwa mtazamo huo, penye jiwe lililochongwa pana mgeni, na penye udongo na makuti pana mwenyeji. Fikra hii ilisomeshwa, ikakaririwa, na wengine wetu tukaimeza. Ikawa mtoto wa Msuka hupita kando ya msikiti wa wazee wake akidhani ni wa watu wengine.

Hapana haja ya kukanusha kwamba damu na elimu zilivuka bahari. Wapemba wengi hujiita Washirazi, na jina hilo wamelibeba kwa heshima. Lakini ardhi imekuja kutoa ushahidi wake, na ushahidi wa karibu na Msuka umetoka Tumbe na Chwaka, mwendo mfupi upande wa mashariki. Huko, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 hadi 2004, wanaakiolojia Adria LaViolette na Jeffrey Fleisher walipima na kuchimba pamoja na wenzao. Waliyoyakuta yamebadilisha masimulizi.

Tumbe ya kale, iliyokaliwa baina ya karne ya 7 na ya 10, ilikuwa kijiji kikubwa cha nyumba za miti na udongo. Haikuwa na jiwe la kujivunia, wala haikuwa maskini. Watu wake walitumia vyombo vya udongo vilivyoletwa kutoka Ghuba ya Uajemi, na wao wenyewe walikuwa wakitengeneza shanga za kome kwa wingi: vigae vyenye michirizi, vilivyotumika kusagia shanga hizo, vimepatikana zaidi ya 2,000. Tumbe ilipokwisha, pakapita muda, kisha kando yake ikainuka Chwaka, kuanzia karne ya 11 hadi kiasi cha mwaka 1500. Hapa ndipo mawe yalipoingia, nayo yaliingia msikitini kwanza. Nyumba za watu zilibaki za udongo, na zilizuizunguka misikiti ya mawe iliyokuwa ikijengwa upya na kupanuliwa kizazi baada ya kizazi.

Kuna na jambo la chakula, ambalo kwangu ni tamu kuliko yote. Sarah Walshaw alizichambua punje zilizoungua zilizotoka katika udongo wa vijiji hivi. Katika Tumbe nafaka iliyotangulia ni uwele. Katika Chwaka mpunga umeupiku uwele. Maana yake ni kwamba karne zile zile Wapemba walipokuwa wakijenga misikiti ya mawe, walikuwa wakibadilisha na sufuria zao. Wali, ambao leo Mpemba hahesabu amekula mpaka aule, una tarehe yake katika ardhi. Tarehe hiyo haikuandikwa na mtu ukutani; iliandikwa na wanawake na wanaume waliopanda, waliovuna, waliotwanga, na wakaziacha punje chache zikaungua jikoni.

Hapa ndipo Msuka inapopata maana yake kamili. Mwaka 816 wa Hijra unaangukia katika zama za Chwaka. Aliyekwaruza tarehe ile aliishi katika nchi ya mpunga, yumkini akatoka msikitini akarudi katika nyumba ya udongo, akala wali. Jiwe na udongo havikuwa mali ya makabila mawili. Vilikuwa vya mtaa mmoja.

Wala mkono ule haukuwa wa kwanza Pemba kupenda maandishi. Upande wa magharibi wa kisiwa, karibu na Wete, iko Mtambwe Mkuu. Mwaka 1984 zilipatikana huko sarafu ndogo za fedha zaidi ya 2,000, pamoja na dinari chache za dhahabu za Kifatimi za karne ya 10 na ya 11. Sarafu zile za fedha zina majina ya watawala wa pwani hii. Wapenzi wa ushairi na wasikilize: katika sarafu za namna hii, maneno ya upande mmoja, yanayomtaja Mungu, hukutana kwa kina na maneno ya upande wa pili, yanayomtaja mtawala. Sarafu ni ndogo kama ukucha, na juu yake kuna vina! Watu waliotaka hata pesa yao iwe na mizani, si ajabu kwamba kisiwa chao kiliwatoa Kamange na Sarahani, ambao tungo zao zilitolewa kitabuni mwaka 2011 chini ya uhariri wa Abdilatif Abdalla. Na mwaka 1958 W. H. Whiteley alipotoa kitabu juu ya Pemba, aliziweka lahaja na mashairi ya kisiwa ndani ya jalada moja, kwani Pemba ni taabu kuvitenga viwili hivyo.

Ukurasa wa tatu, basi, ni wa masimulizi. Katika magofu ya Chwaka wenyeji huonesha kaburi la Haruni, nao humtaja kuwa mwana wa Mkama Ndume, mtawala wa Pujini. Na juu ya Mkama Ndume husimuliwa kwamba aliwatumikisha watu kubeba mawe ya ngome yake huku wakijikokota kwa makalio. Mwanahistoria anaweza kubishana na kila neno la kisa hicho. Lakini hebu tazama kilichohifadhiwa: ukuta humkumbuka aliyeujenga kwa amri, masimulizi yakamkumbuka aliyelibeba jiwe. Ndiyo maana hekaya ya mzee wa kijiji haifai kutupwa mtaalamu anapowasili na kamba zake za kupimia.

Kwa anayetaka kwenda, njia ni nyepesi. Gari za abiria kutoka Chake Chake na Wete hufika Konde, na Konde ndiyo njia panda. Mashariki yake ziko Tumbe na Chwaka. Kaskazini ni Msuka. Na ukishika njia ya Makangale utaingia msitu wa Ngezi, penye mivule na mipapindi, mtende usioota kwa asili penginepo duniani ila Pemba. Mbele zaidi ni Ras Kigomasha na mnara wake wa taa wa mwaka 1900. Ni vyema kuianza siku kwa Chwaka, ambako udongo umeeleza mengi, ndipo kwenda Msuka ukaitazame tarehe hali unajua nini kimelala chini ya miguu yako.

Adabu ina nafasi yake. Magofu haya si uwanja mtupu. Ni misikiti, kandoni mwake wamelala watu, na wapo wanaokwenda kuomba dua na kufukiza ubani. Mgeni aanze kwa sheha, awasalimu wazee, aulize kabla ya kupiga picha. Na asichukue kigae. Kigae kilicho mahali pake ni shahidi. Kikitiwa mfukoni kimekuwa pambo la dirishani, nacho hakitasema tena kilitoka tabaka gani wala kilikuwa jirani na nini.

Maana hatari ipo, na haina kelele. Mizizi hupasua ukuta, mvua ya masika huitafuna chokaa, na jiwe lililokwisha kuchongwa humvutia kila anayejenga. Tarehe iliyokwaruzwa ni nyepesi kuliko yote hayo: unene wake ni wa chokaa tu. Upande wa udongo, jembe likizama zaidi, au msingi mpya ukichimbwa, tabaka la miaka 600 huchanganyika kwa asubuhi moja.

Ulinzi wa kuta ni kazi ya Idara ya Makumbusho na Mambo ya Kale, lakini idara haiwezi kulala Msuka kila usiku. Wanaolala huko ni watu wa Msuka Magharibi na Msuka Mashariki. Kuna kazi moja wanayoiweza wao kuliko profesa yeyote, nayo haina gharama ila daftari na kalamu: walimu wa skuli zao wawatume wanafunzi kwa mabibi na mababu, wakayaandike majina ya mabonde ya mpunga, ya visima, ya vijito, ya miamba na mafungu ya pwani, kila jina kwa lafudhi ya kwao na kisa chake. Kisha chini ya kila ukurasa watie tarehe.