Boksi Lililorudi Bila Spika

Kwa miaka mingi niliamini lile kasha lilitengenezwa kwa ajili ya unga. Lilikaa jikoni kwa bibi, Tabora, limelala kifudifudi, na mdomo wake tuliufunika kwa ungo. Lilikuwa la mninga, zito kiasi kwamba watoto wawili hatukuweza kulisogeza. Bibi alipofariki, siku ya kugawana vitu, nililigeuza kwa mara ya kwanza. Upande uliokuwa chini ulikuwa na tundu la mviringo, pana kama sinia dogo, limezibwa kwa bati. Kulizunguka kulikuwa na matundu manane ya skrubu.

"Hilo ni boksi la spika la babu yako," Mama akasema. "Alilitengeneza mwenyewe, hapo uani."

Mimi nasoma shahada ya uzamili katika historia. Nilikuwa nimemaliza miezi mitano kwenye mafaili nikitafuta habari za bendi za dansi zilizomilikiwa na taasisi za umma. Kumbe tangu utotoni nilikuwa nakula ugali uliotoka ndani ya ushahidi niliokuwa nautafuta.

Bendi hizo zina historia yake. NUTA Jazz ilianza mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Baadaye kiwanda cha nguo cha Urafiki kikawa na bendi yake, na majeshi yakawa na zao. Mwanamuziki akawa mwajiriwa mwenye mshahara, na hilo halikuwa jambo dogo. Lakini vyombo vilikuwa mali ya mwajiri. Aliyehama bendi aliondoka na sauti yake, vidole vyake na nyimbo zilizokuwa kichwani. Gitaa lilibaki.

Babu alipiga gitaa la ridhimu katika bendi ya shirika moja. Mwaka 1979, Mama anakumbuka, boksi moja la bendi lilianguka kutoka kwenye lori wakiwa safarini, likapasuka. Spika yenyewe ilipona. Vita vya Kagera vilikuwa vimeisha mwaka huohuo, fedha za kigeni zilikuwa adimu, na kuagiza boksi jipya kutoka nje lilikuwa wazo la kuchekesha. Babu aliyekuwa amejifunza useremala kwa kaka yake alinunua mbao kwa fedha yake, akazipiga randa, akakata pembe zenye meno yanayoumana, akatia gundi. Sehemu ya mbele aliivisha gunia la katani.

Mwaka 1983 aliacha kazi. Alirudisha gitaa na ampli. Kisha mtunza stoo akafungua daftari, akaona "spika 1", akaleta bisibisi. Mbao hazikuwamo kwenye daftari, kwa hiyo mbao zilikuwa za babu. Spika ilifunguliwa mbele ya wenzake, skrubu moja baada ya nyingine, naye akarudi nyumbani na boksi tupu nyuma ya baiskeli. Miaka kadhaa baadaye bibi alipiga bati kwenye tundu, akamimina unga. Babu hakusema kitu.

Nilianza kujiuliza boksi la spika ni kitu gani hasa. Mwaka 1925 wahandisi wawili wa General Electric ya Marekani, Chester Rice na Edward Kellogg, walieleza spika ya koni ya karatasi inayosukumwa na koili iliyo ndani ya sumaku. Spika nyingi za leo bado ni watoto wa ile. Ina tatizo moja: koni inaposukuma hewa mbele, nyuma inaivuta. Mawimbi hayo mawili yanapingana, na yakikutana pembeni mwa spika, sauti nzito hufutana. Ndiyo maana spika isiyo na boksi hulia kama mtu anayeongea ameshika pua. Kazi ya kwanza ya boksi ni kutenganisha mbele na nyuma.

Jinsi ya kutenganisha, kila fundi alikuwa na lake. Leo Fender, aliyeanza kama fundi redio huko Fullerton, California, aliacha sehemu ya nyuma wazi katika ampli zake nyingi, sauti ikatoka pande zote mbili. Jim Marshall, mpiga ngoma mwenye duka la vyombo Hanwell, London, mwanzoni mwa miaka ya 1960 aliziba nyuma kabisa na kupanga spika nne za inchi 12, kwa sababu spika za wakati ule hazikuhimili nguvu ya ampli yake zikiwa chache. Baadaye alieleza kuwa hakupiga hesabu yoyote ya sauti. Alitafuta tu boksi dogo linalofaa kubeba spika nne. Hesabu zenyewe Neville Thiele wa Australia alizichapisha mwaka 1961, na Richard Small akaziendeleza miaka ya 1970. Niliposoma hayo, babu na futi yake ya seremala hawakuonekana tena kuwa mbali sana na London.

Nililisafirisha boksi kwa treni hadi Dar es Salaam. Ubao wa mbele ulikuwa plaiwudi iliyoliwa na mchwa, nikakata mwingine wa milimita 18, wenye tundu la sentimita 28. Kariakoo nilipata spika iliyotumika, inchi 12, omu 8, sawa na ampli niliyoazima. Niliigusisha betri ya volti 1.5, koni ikaruka mbele, nikajua waya upi ni chanya. Mwisho nikafanya nilichoona ni ukarabati: nikaziba nyuma, nikiamini kifuniko kilipotea.

Mama alikuja kliniki, akakaa mkekani pembeni ya boksi. Nikapiga kodi tatu ninazozijua.

"Sivyo, mwanangu. Babu yako akipiga hapo uani, sisi jikoni nyuma yake tulisikia kama walio mbele."

Nilichukua tochi nikakagua kingo za nyuma. Juu na chini kulikuwa na alama za skrubu, mahali palipokaa vipande viwili vyembamba vya mbao. Pembeni, ambako kifuniko kizima kingefungwa, mninga ulikuwa haujaguswa na skrubu yoyote isipokuwa zangu. Hakikupotea kitu. Babu aliacha nyuma wazi makusudi, na miezi mitano ya mafaili haikuniambia hilo. Aliniambia mtu aliyekuwa na miaka tisa, akimenya viazi.

Niling'oa ubao wangu, nikapiga tena. Mama hakusema kitu, ila alinyamaza kwa namna nyingine.

Ndani, kwenye ubao wa juu, kuna tarehe kwa penseli: 14/10/79. Chini yake nimeandika yangu. Pembeni nimebandika risiti ya spika, yenye jina langu.