Namna ya kupima maji yanayopotea katika mashamba ya umwagiliaji Sanje

KIANGAZI kinapoingia Sanje, chini ya milima ya Udzungwa mkoani Morogoro, mwenye shamba la umwagiliaji hulazimika kujua zao lake linahitaji maji kiasi gani. Wakulima wengi wadogo wa miwa katika bonde la Kilombero hutegemea mvua, lakini sehemu ya mashamba ya Kampuni ya Sukari Kilombero humwagiliwa, na yapo pia mashamba ya mpunga yanayotumia maji ya mito itokayo Udzungwa.

Maji hupotea kwa njia mbili: huvukizwa kutoka kwenye udongo, na hutoka kama mvuke kupitia vitundu vya majani. Jumla yake huitwa evapotranspiresheni, nayo hupimwa kwa milimita. Milimita 1 katika hekta 1 ni lita 10,000.

Kifaa rahisi cha kupimia ni beseni la chuma lenye kipenyo cha sentimita 121 na kina cha sentimita 25, linalowekwa juu ya jukwaa la mbao. Kila asubuhi mpimaji husoma maji yameshuka kiasi gani. Mvua ikiwa imenyesha, kiasi chake hujumlishwa. Beseni huzungushiwa uzio, kwani maji yaliyonywewa na mbuzi yatahesabiwa kuwa yamevukizwa.

Kwa kuwa beseni hupoteza maji mengi kuliko nyasi, kipimo huzidishwa kwa namba ya marekebisho, mara nyingi karibu na 0.7. Kisha huzidishwa kwa namba ya zao. Mwongozo wa FAO wa mwaka 1998 unaipa miwa 0.40 inapochipua, 1.25 inapofunika shamba na 0.75 inapokomaa.

Kwa mfano, maji yakishuka milimita 7 kwa siku, miwa michanga itahitaji takriban lita 20,000 kwa hekta, na iliyofunika shamba lita 61,000, ingawa jua ni lilelile.

Anayemwagilia kiasi kimoja msimu mzima hufuja maji mwanzoni na kuinyima miwa inaporefuka. Hasara hiyo huwafikia pia walio chini ya mto. Mwaka 1993 Ruaha Mkuu, mto upitao Kidatu, ulianza kukauka wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na watafiti walitaja umwagiliaji wa Usangu miongoni mwa sababu kuu.