Mlango Ulioachwa Wazi

Nafundisha sheria ya jinai Nairobi. Tukifika kwenye mada ya kujilinda, huanza na gereji moja ya Missoula, jimbo la Montana, Marekani. Tarehe 27 Aprili 2014, saa sita ya usiku ikiwa imepita kidogo, mvulana wa miaka 17 kutoka Hamburg, aliyekwenda kule kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi, aliingia humo bila ruhusa. Vijana wa mji ule walikuwa na tabia ya kuvizia gereji zilizo wazi wakitafuta bia.

Nyumba hiyo ilikuwa imeshaibiwa kabla. Safari hii wenyewe walitega: mlango wa gereji umeachwa nusu wazi, mkoba umewekwa ndani, vitambuzi vya mwendo vimefungwa. Vilipolia, mwenye nyumba alitoka kwa mlango wa mbele, akasimama nje ya gereji na kufyatua bunduki mara nne gizani. Kijana akafa.

"Mwalimu, si alikuwa mwizi?" huniuliza wanafunzi. Aliingia kwa watu usiku, na hilo silifichi. Lakini mwenye nyumba aliposhtakiwa, mtetezi wake aliegemea kanuni kongwe, ile isemayo nyumba ya mtu ni ngome yake, na kanuni hiyo ina kwao.

Kwao ni London, mwaka 1604. Richard Gresham aliishi Blackfriars nyumba moja na mwenzake, ambaye alikufa akidaiwa na Peter Semayne. Sherifu alipofika kukamata mali ya marehemu, Gresham alifunga mlango. Semayne akamshtaki, akashindwa. Mwanasheria Edward Coke ndiye aliyeiandika hukumu ile ikaenea. Ndani yake ngome ni kinga dhidi ya jeuri, na pia ni mahali pa kupumzikia. Hata kwenye kesi za mfalme, ambapo sherifu aliruhusiwa kuvunja mlango, alitakiwa kwanza apige hodi na kueleza kilichomleta. Sheria ya Mfalme Henry VIII ya 1532 ilikuwa imeshamwondolea adhabu ya kunyang'anywa mali mtu aliyemuua mvamizi aliyekuja kumwibia au kumuua.

Marekani kanuni hiyo ilinenepa. Mwaka 1876 mahakama ya Ohio ilikataa kwamba mtu asiye na kosa lazima akimbie kabla ya kujilinda. Colorado ikatunga sheria yake ya wenye nyumba mwaka 1985. Montana, mwaka 2009, ikafuta sharti kwamba mvamizi awe ameingia kwa vurugu. Lililobaki ni hili: mwenye nyumba awe na sababu ya maana ya kuamini kwamba bila risasi atadhurika.

Sababu hiyo ilishawahi kupimwa kwa kipimo kilegevu mno. Mwaka 1992, mjini Baton Rouge, katika jimbo jingine la Marekani, mwanafunzi Mjapani wa miaka 16 alikosea nyumba akienda kwenye sherehe. Alibonyeza kengele, na muda mfupi baadaye akapigwa risasi. Aliyemuua aliachiwa huru 1993. Wazazi wa mtoto wakakusanya sahihi zaidi ya milioni moja kudai bunduki zidhibitiwe. Hukumu ile inaniumiza hadi leo: yule mtoto alipiga hodi.

Missoula ilikuwa tofauti. Mashahidi kutoka saluni moja walieleza kwamba mshtakiwa, siku chache kabla, alisema anakesha na bunduki akiwangoja vijana. Jopo la raia 12 lilimtia hatiani Desemba 2014. Februari 2015 akafungwa miaka 70, na Mahakama ya Juu ya jimbo ikaithibitisha hukumu hiyo 2017. Gresham alifunga mlango asiingiliwe. Huyu aliuacha wazi ili aingiliwe.

Kwetu jambo hili si la mbali. Kifungu cha 17 cha sheria yetu ya adhabu kinaagiza kwamba nguvu inayotumika kulinda mwili au mali ipimwe kwa kanuni za Kiingereza zilizojengwa na majaji. Ndiyo maana wanafunzi wangu huisoma hukumu ya 1604 yote, pamoja na sehemu ya sherifu na hodi, kabla sijawaruhusu kulitaja neno ngome kwenye jibu la mtihani.