Kabla Uulize Bei, Skiza Habari ya Sarafu ya Mambrui

Juzi dogo mmoja wa hapa Malindi alinitumia picha ya kadi ya Pokémon: Charizard, lile joka linalotema moto. Swali moja tu: "Bro, hii ni ngapi?"

Nikamwambia tulia, bei huja mwisho. Kwanza ijue ni nini. Kona ya chini kulia imeandikwa 4/102, yaani kadi ya 4 kwenye seti ya kadi 102, ile ya Kiingereza ya 1999. Halafu cheki chini ya picha, kushoto: kuna muhuri mdogo wa toleo la kwanza? Pembe zimechakaa? Yenye muhuri, iliyopewa gredi 10, iliuzwa dola 420,000 mwaka 2022. Ya dogo haina muhuri na imekunjika. Joka ni lile lile, pesa ndiyo hakuna.

Sasa tuvuke mto Sabaki twende Mambrui. Mwaka 2010, wanaakiolojia wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya na wenzao wa Chuo Kikuu cha Peking walichimbua huko sarafu ya Kichina yenye tundu la mraba katikati. Waliitambuaje? Kama kadi tu, walisoma maandishi. Herufi 4 zimezunguka lile tundu: Yongle Tongbao. Yongle ni mfalme aliyetawala China 1402 hadi 1424.

Na bei je? Hapo ndipo wengi hupotea. Sarafu za Yongle zilitengenezwa nyingi sana, hadi Japani zilitumika. Sokoni haikutajirishi. Lakini hii ilitoka kwenye ardhi yetu, na waliochimba waliandika ilikuwa imelala wapi. Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walimpelekea mfalme huyo huyo twiga, na kule wakamwona ni qilin, mnyama wa hadithi zao. Yaani twiga wetu ndiye aliyekuwa Charizard wa zama zile! Sarafu peke yake haithibitishi kwamba meli za Zheng He zilitia nanga hapa, maana pesa hupita mikono mingi. Lakini ni ushahidi wa kushikika.

Sasa fikiria mtu angeiokota kimya kimya akamuuzia mtalii ufuoni. Yeye angepata ya chai, sisi tungepoteza ukurasa mzima. Muhuri wa kadi umechapwa kwenye kadi yenyewe. Muhuri wa sarafu ni ule mchanga iliyolalia. Ukiing'oa bila kuandika, umeufuta.

Mimi chuo niliacha, sitakuhutubia. Ila ukikuta sarafu ama kigae cha zamani, usikisugue, usikihamishe. Piga picha na mahali paonekane, kisha waambie watu wa makavazi, wapo Malindi na Gede. Kisheria vitu vya kale vilivyo ardhini ni mali ya serikali, kwa niaba yetu sote.

Kadi yako uza, ni yako. Historia ya Mambrui haina mwenye kuiuza.