Disathria na apraksia: ulimi mzito wa aina mbili

Mtu aliyepata kiharusi akianza kuburuza maneno, ndugu husema ulimi umekuwa mzito. Mtoto wa miaka minne ambaye hasemi akaeleweka naye huambiwa hivyohivyo. Nyumbani usemi huo unatosha. Kliniki hautoshi, kwa sababu unafunika matatizo mawili yenye tiba tofauti.

La kwanza ni disathria. Mgonjwa anajua neno na mpango wa kulitamka anao, ila misuli inayoutekeleza ni dhaifu, imekakamaa au haiendi pamoja. Wengine wameiita “udhaifu wa misuli ya usemi”, lakini tafsiri hiyo inaacha nje misuli iliyokaza. Mwaka 1969, Darley, Aronson na Brown wa Mayo Clinic nchini Marekani walionyesha kuwa aina ya sauti hudokeza sehemu ya mfumo wa neva iliyoumia. Mwenye ugonjwa wa Parkinson, kwa mfano, huwa na sauti ndogo isiyopanda wala kushuka.

La pili ni apraksia ya usemi, yaani kushindwa kupanga matamshi. Misuli inaweza kuwa na nguvu zake zote, lakini ubongo haupangi vizuri mijongeo yake.

Mtaalamu humwambia mgonjwa aseme haraka “pa-pa-pa”, kisha “pa-ta-ka”. Mwenye disathria mara nyingi huburuza zote mbili, na kosa lake hujirudia vilevile. Mwenye apraksia anaweza kuiweza ya kwanza, halafu kwenye ya pili akatoa “pa-ka-ta”, akasita, midomo ikahangaika kutafuta pa kuanzia. Huyohuyo huenda akahesabu moja hadi kumi bila shida, kisha akakwama akiombwa kutamka “mwananchi”.

Kwa watoto, chama cha wataalamu wa usemi cha Marekani, ASHA, kilitaja dalili tatu za apraksia mwaka 2007: makosa yanayobadilika neno lilelile likirudiwa, kukatikakatika au kurefuka kwa mpito wa sauti hadi sauti, na mkazo usiokaa mahali pake. Katika Kiswahili, ambacho kwa kawaida hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, mtoto anayetamka silabi zote kwa uzito mmoja anapaswa kusikilizwa kwa makini.

Tiba hufuata jina. Kwa Parkinson, mbinu ya LSVT LOUD humfundisha mgonjwa kupaza sauti, saa moja kwa siku, siku nne kwa wiki, kwa wiki nne. Kwa apraksia, mtoto humtazama mtaalamu usoni, wanasema neno pamoja, kisha analirudia mara nyingi huku msaada ukipunguzwa. Usemi usipotosheleza, picha au ubao wa herufi hutumika bila kuacha mazoezi.

Ndiyo maana mzazi anayeshauriwa kumkata mtoto utando wa chini ya ulimi aulize kwanza tatizo ni lipi. Kama ni apraksia, wembe hautagusa kilichoharibika.